Safu ya Chini Inapodai Irabu: Ugumu na Utamu wa Kutunga Chemshabongo ya Maneno

Tazama kwanza mraba huu:

S H I D A
H ■ M ■ D
U T A T A
L ■ N ■ B
E L I M U

Kwa mlalo kuna SHIDA, UTATA na ELIMU. Kwa wima kuna SHULE, IMANI na ADABU. Vyumba 25, vinne vyeusi, herufi 21, na tisa kati ya hizo zinatumikia mabwana wawili kwa wakati mmoja. Mjazaji mzoefu ataumaliza kabla kalamu haijapata joto mkononi. Mimi kuutunga kulinila jioni nzima.

Neno chemshabongo ni pana na hubeba kila aina ya swali la kuumiza kichwa. Hapa nazungumzia ile ya maneno yanayokatana ndani ya mraba, yenye vidokezo vya mlalo na vya wima. Mraba wa hapo juu ni mdogo mno hata kuchapishwa, lakini matatizo karibu yote ya kazi hii yamo ndani yake, na baadhi yake ni matatizo ambayo Mwingereza au Mmarekani anayetunga kwa lugha yake hayajui kabisa.

Tuondoe dhana moja kwanza. Watu wengi hunidhania kwamba ninakaa, nafikiria swali zuri, naandika jibu lake, kisha natafuta pa kulichomeka. Mambo huenda kinyume na hivyo. Maneno hutangulia, vidokezo hufuata, na kazi hizi mbili ni tofauti kiasi kwamba zinaweza kufanywa na watu wawili. Hilo liliwahi kumtia mwalimu mmoja wa Uingereza matatani. Leonard Dawe alikuwa akilitungia gazeti la Daily Telegraph. Katika majuma yaliyotangulia tarehe 6 Juni 1944, siku majeshi ya Washirika yalipotua Normandy, mafumbo yake yalitoa majibu kama Utah, Omaha, Overlord, Mulberry na Neptune. Yote yalikuwa majina ya siri ya operesheni hiyo. Maafisa wa usalama walimhoji na hawakupata ujasusi wowote. Miaka 40 hivi baadaye, mmoja wa waliokuwa wanafunzi wake alieleza kwamba Dawe alikuwa na kawaida ya kuwapa vijana wake miraba mitupu waijaze maneno, naye akaja kuyatungia vidokezo. Na vijana hao walikuwa wakishinda karibu na kambi za askari, masikio wazi. Kama ndivyo ilivyokuwa, mtungaji aliandika vidokezo vya maneno ambayo hakuyachagua yeye. Ukishaelewa namna jambo hilo linavyowezekana, umeelewa nusu ya kazi yenyewe.

Mraba wa nani?

Aliyeuleta mchezo huu kwa sura tunayoijua ni Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akilifanyia kazi gazeti la New York World. Tarehe 21 Desemba 1913 alichapisha fumbo lenye umbo la almasi na tundu katikati, akaliita Word-Cross. Majuma machache baadaye jina liligeuzwa kwa bahati mbaya katika upangaji wa chapa, la nyuma likawa mbele, na hivyo ndivyo Waingereza na Wamarekani wanavyoliita hadi leo. Inanifariji kujua kwamba fumbo hilo la kwanza lilikuwa na dosari ambazo leo mhariri yeyote angezirudisha: neno DOVE limo mara mbili, na kuna jibu DOH lililoelezwa kuwa ni nyuzi za mti wa gomuti. Hakuna anayelijua. Lilichomekwa kwa sababu herufi zilikuwa zimeshabana na mtu alitaka kwenda kulala.

Kutoka hapo zilizaliwa koo mbili kubwa. Mraba wa Kimarekani wa siku za kawaida una vyumba 15 kwa 15. Kila herufi lazima iwe sehemu ya neno la mlalo na la wima pia. Hakuna neno chini ya herufi tatu, maneno kwa kawaida hayazidi 78, na ukiugeuza mraba juu chini vyumba vyeusi vikae vilevile. Mraba wa Kiingereza cha Uingereza nao umepigwa kama kimia: takribani nusu ya herufi za kila neno ndizo zinazokatwa na maneno mengine, nyingine zinasimama peke yake. Ulinganifu wa vyumba vyeusi upo kote kuwili, na hauna kazi yoyote kwa mjazaji isipokuwa kupendeza macho. Nilipoanza niliona ni urembo wa bure. Siku hizi siwezi kuutazama mraba usiolingana bila kuhisi kama picha iliyotundikwa upande.

Sasa chukua mraba wa Kimarekani uutie Kiswahili uone.

Maneno yetu karibu yote huishia na irabu. Maana yake ni kwamba kila neno la wima linalogota safu ya chini huangusha irabu pale. Ikiwa kila chumba cha safu hiyo ni mwisho wa neno la wima, basi safu nzima itakuwa irabu tupu. Una maneno gani ya irabu tupu? UA, OA, AU. Ukipekua kamusi utapata AUA na EUA. Hapo umefika mwisho wa ghala. Na balaa haliishii hapo, kwa sababu herufi ya pili kutoka mwisho mara nyingi ni konsonanti, hivyo safu ya pili kutoka chini itadai konsonanti tupu, na hiyo hata kamusi haina la kukusaidia. Safu wima ya mwisho upande wa kulia ina ugonjwa uleule, kwani maneno ya mlalo nayo yanaishia pale. Tena kila chumba cheusi kilichoketi chini ya neno ni ukuta mwingine wa chini, na juu yake panadaiwa irabu.

Yako maneno machache yanayomwokoa mtungaji: RAIS, MATHALAN, TAKRIBAN, MAALUM kwa wanaoliandika bila U ya mwisho. Kwa msomaji wa kawaida ni maneno ya kupita tu. Kwangu mimi ni lulu, na niliwahi kujikuta nikifurahi kukutana na TAKRIBAN gazetini kama mtu aliyekutana na ndugu wa siku nyingi.

Hii ndiyo sababu mraba wa kimia unatufaa zaidi. Lakini kimia nacho kina mtego wake, na mtego huu sikuuona mpaka nilipokuwa nimeharibu karatasi nyingi. Katika kimia, herufi zinazokatwa ni za kuruka moja: ya 1, ya 3, ya 5. Neno letu la kawaida nalo linaruka: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Ukianza KITABU kwenye chumba cha makutano, zitakazokatwa ni K, T na B; irabu zote zitabaki gizani. Ukianza na AMANI, zitakazokatwa ni A, A na I, na konsonanti ndizo zitakazofichwa. Yaani mraba na lugha vinakwenda mwendo mmoja, hatua kwa hatua, kama askari wa gwaride. Ukianza mguu usiofaa, utakuwa mguu usiofaa hadi ukutani.

Kinachokuokoa ni maneno yanayobadili mguu katikati ya safari. MWALIMU ni mfano wangu ninaoupenda. Linaanza na konsonanti mbili, kwa hiyo herufi za 1, 3, 5 na 7 ni M, A, I, U: linaingia kwa mguu wa konsonanti na kutoka kwa mguu wa irabu, na linaanzia na kuishia kwenye makutano. SHULE, NDEGE, NCHI, MBWA, MLANGO, maneno yote yenye konsonanti zilizobanana ni bawaba za mraba. Mlango hauzunguki bila bawaba. Nilipoligundua hili nilianza kuyaweka maneno ya namna hiyo katika daftari lake peke yake, na kasi yangu ya kutunga ikaongezeka kuliko nilipoongeza msamiati wowote.

Jinsi mraba mdogo ulivyojazwa

Turudi pale juu. Nilianzia chini, kwa kuwa chini ndiko kwenye masharti makali. Maneno matatu ya wima yanaishia kwenye chumba cha 1, cha 3 na cha 5 cha safu ya mwisho, hivyo pale pote panataka irabu. Neno la kutosha hapo lazima lianze kwa irabu: AMANI, ASALI, IMARA, UHURU, ELIMU. Nilijaribu UHURU kwanza, kwa kuwa ni neno zuri kulitazama. Likanidai maneno matatu ya wima yanayoishia na U, na pembe ya kulia ikanikwamisha kwa saa nzima. Nikaliacha huku moyo ukiuma. Kuacha neno unalolipenda ndio ujuzi wa kwanza unaomtofautisha mtungaji na mtu anayebahatisha.

ELIMU likataka E, I na U. Neno la herufi tano linaloishia na E, lenye irabu katikati yake, haliokotwi njiani; SHULE likafaa. S yake ikapanda hadi pembe ya juu, ikadai neno la mlalo linaloanza kwa S kisha irabu kwenye chumba cha 3 na cha 5. S inayofuatwa na H inayaleta kwa wingi: SHIDA, SHUKA, SHABA. Katikati nilihitaji neno la kushuka lenye kuanza kwa irabu na kuishia na I. IMANI likajileta lenyewe, likaamua kwamba juu ni SHIDA. Kulia, kutoka A hadi U, palikuwa na mawili, AJABU na ADABU, na yote mawili yana A katikati. Ikabaki safu ya kati: U, A, A. UBAYA au UTATA.

Hapo sasa unakaa nyuma na kuchagua, na hakuna raha inayoshinda hiyo. Tayari kulikuwa na SHULE na ELIMU. Nikachukua ADABU. Nikachukua UTATA, kwa sababu UBAYA ungeufanya mraba uonekane kama unailaumu shule, nami sikuwa na ugomvi nayo siku ile. Mada haikupangwa; ilijitokeza, nami kazi yangu ikawa kutoizuia.

Kuna maamuzi mengine ambayo lazima yafanywe kabla hujaandika herufi hata moja. Je, SH ni chumba kimoja au viwili? Sauti ni moja, herufi mbili. Waholanzi, ambao wana IJ yao, kwa kawaida huitia katika chumba kimoja. Mimi hutumia viwili, kwa sababu niliyoieleza: hizo ndizo bawaba zangu, nami sina nia ya kuzing'oa. NG' ya ng'ombe ina kibainishi chake juu, na hicho hakipewi chumba, kinaachwa nje. Muhimu ni kuwa na msimamo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, la sivyo mjazaji atahesabu vyumba na kukuona tapeli.

Kuna na njia ya Wajapani, ambao huandika mraba wao kwa alama za silabi, silabi moja kwa kila chumba. Kiswahili kinaweza. Weka PA na KA juu, TA na KA chini: kwa mlalo unapata PAKA na TAKA, kwa wima PATA na KAKA. Mraba umejaa bila chumba cheusi hata kimoja, na tatizo la irabu za mwisho limeyeyuka kwa kuwa kila chumba kina irabu yake ndani. Nimejaribu mikubwa ya namna hiyo. Inavutia, ila wajazaji waliozoea herufi hulalamika kwamba wanapewa nusu ya jibu kwa kila chumba.

Gundi na aibu

Kila mtungaji ana maneno ya gundi, yale yanayoshikilia mengine lakini yenyewe hayapendwi na mtu. Hii ni aibu ya kale. Katika magofu ya Pompeii, mji uliofukiwa na volkano mwaka 79, ulikutwa mraba wa Kilatini wa maneno matano: SATOR, AREPO, TENET, OPERA, ROTAS. Unasomeka mlalo, wima, kwenda mbele na kurudi nyuma. Manne kati ya hayo ni maneno ya kawaida ya Kilatini. AREPO halionekani popote pengine katika lugha hiyo, na wataalamu wengi wameona afadhali waliite jina la mtu. Mimi nina shaka ya kitaaluma: mtungaji alilitaka OPERA, na OPERA ikirudishwa nyuma ni AREPO, basi. Alipofika hapo alitazama kushoto na kulia, hakuona mtu, akaandika.

Kiswahili kina kishawishi kibaya zaidi, nacho ni vitenzi. Kwa viambishi vyetu, mzizi mmoja huzaa maumbo mengi mno: ANAPIKA, HATUPIKI, WAKAPIKIANA, ULIPOPIKWA. Ukijiruhusu hayo, hakuna pembe itakayokushinda. Na hakuna mjazaji atakayekuvumilia, maana hana namna ya kujua kama ulitaka nafsi ya kwanza au ya tatu, wakati uliopita au ujao. Sheria yangu ni kali: kitenzi kinaingia kama kilivyo kamusini, PIKA, PIKIA, PIKWA, na hakivai nafsi wala wakati. Wingi wa nomino naukubali ikiwa kidokezo nacho kiko katika wingi. Nimewahi kuvunja sheria hii mara moja kwa neno SIJUI, na sijutii, kwa sababu kidokezo kilikuwa: "Jibu lako kwa swali hili, huenda."

Hatari nyingine ni makutano ya vipofu wawili: neno gumu kukatana na neno gumu mahali ambapo herufi yoyote ingeweza kukaa. Wamarekani wana jina la kosa hilo, Natick, kutokana na mji mdogo wa Massachusetts uliowahi kukatana na herufi ya kwanza ya jina la msanii N. C. Wyeth. Kama hujui mji na humjui msanii, utaipataje N? Kwetu makutano ya vipofu huletwa zaidi na msamiati wa huku na kule. Kuna anayesema tarakilishi na anayesema kompyuta, anayesema runinga na asiyewahi kulitamka neno hilo maishani. Maneno kama hayo nayaruhusu, lakini kila herufi inayokatwa lazima iwe na shahidi wa kuaminika upande wa pili.

Programu za kompyuta zipo, na hujaza mraba kwa kujaribu neno, likikwama likaondolewa na jingine likaingia, maelfu kwa maelfu. Zinategemea orodha ya maneno uliyozipa. Ukizipa takataka, zitakujazia takataka kwa kasi ya ajabu.

Kiambishi kinachotoboa siri

Ugumu wa chemshabongo hauko kwenye mraba, uko kwenye vidokezo. KITABU linaweza kuwa swali la mtoto au la profesa. Na katika kuandika vidokezo, Kiswahili kina mdomo mwepesi. Ukiandika "Kinasomwa", umeshamwambia mjazaji kwamba jibu ni la ngeli ya KI-VI; ameshaandika K na I kabla hajafikiri. Ukiandika "Anaruka", umemwambia ni kiumbe. Ngeli zetu zinapatanisha kila kitu katika sentensi, na upatanisho huo ni ushahidi.

Dawa yake ni HU- ya mazoea. "Husomwa" haina nafsi wala ngeli. Inaweza kuwa kitabu, gazeti, barua, ramani au uso wa mtu. Kiambishi hiki kimoja kinabeba sehemu kubwa ya kazi yangu, na nadhani hakuna kundi la watu linalokitumia kwa wingi kama watunga chemshabongo na watega vitendawili.

Au fanya kinyume chake: acha ngeli iseme, ila iseme mawili. "Porini anaogopwa, vitani kinaogopwa": KIFARU, mnyama na gari la vita. "Lipo juu ya nyumba, yupo porini": PAA. Maneno yetu mafupi yamejaa maana pacha na kila moja ni kidokezo kinachosubiri kuandikwa. KAA ni mnyama, ni kipande cha moto, ni kitendo: "Huenda upande, au usiende kabisa." Nilipokipata hicho nilicheka peke yangu chumbani, jambo ambalo si la kujisifia.

Waingereza wameenda mbali zaidi na wana aina ya kidokezo ambacho kina njia mbili za kufika kwenye jibu: upande mmoja ni maana yake, upande wa pili ni mchezo wa herufi, na vyote vimefungwa katika sentensi inayoonekana ya kawaida. Nimekisikia kisingizio kwamba Kiswahili hakiwezi mchezo huo. Kinaweza, ila kwa kanuni zake. Kuchezea silabi tumekuzoea tangu utotoni kwa lugha ya kinyume, silabi ya mwisho ikiletwa mbele. "Lima kinyume upate utajiri": LI-MA ikageuka MALI. "Kinyume, tisha nguo": SHATI. Kuficha neno ndani ya neno kunakubali pia: "Katika kabati kuna kiezekeo", na BATI limo humo. Kusoma herufi moja moja kutoka nyuma ndiko kugumu, kwa sababu neno linaloanza na konsonanti likirudishwa litaishia na konsonanti, nasi maneno hayo tunayo machache mno. Lazima neno lianze kwa irabu. Nilitafuta kwa muda mrefu nikapata AMANI, ambayo ukiisoma kutoka nyuma ni INAMA. "Amani ikirudi nyuma, shusha kichwa." Sijapata kingine cha kukifikia.

Tofauti kubwa kati ya kidokezo na kitendawili ni mashahidi. Kitendawili kikikushinda unaambiwa utoe mji, na mambo yameisha. Hapa hakuna mji. Unaliacha neno, unazunguka, unaliingilia kwa mlango mwingine, na herufi zilizokatana zinakuja kukushuhudia kwamba ulikuwa sahihi au ulijidanganya. Kwa hiyo mtungaji anaruhusiwa kupotosha, ila haruhusiwi kusema uongo. Kidokezo kizuri humfanya mjazaji ajilaumu yeye pindi anapolipata jibu. Akimlaumu mtungaji, umeshindwa.

Upeo wa kazi hii, kwa maoni yangu, ulifikiwa tarehe 5 Novemba 1996, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani, na profesa wa hisabati Jeremiah Farrell katika New York Times. Katikati ya mraba wake kulikuwa na kidokezo kilichosema jibu ndilo habari kuu ya gazeti la kesho. Wengi waliandika CLINTON na kukasirika kwamba gazeti limemtangaza mshindi mapema. Wengine waliandika BOBDOLE, yaani mpinzani wake Bob Dole, herufi saba vilevile, nao wakakasirika kwa upande wao. Kila neno la wima lililokata jina hilo lilikuwa na majibu mawili yaliyo halali kwa kidokezo kilekile: mnyama mweusi wa Halloween aliweza kuwa CAT au BAT. Herufi saba, vidokezo saba, na mashahidi wote wakiapa kwa pande zote mbili. Kwa kawaida hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Yeye alilifanya kwa makusudi, mara saba mfululizo.

Mimi nililifanya bila makusudi. Katika mraba mmoja wa 13 kwa 13 niliweka KATIBA, likianzia kwenye makutano, hivyo mjazaji angepata K, T na B. Kidokezo nilikiona cha fahari: "Huapiwa na wengi, husomwa na wachache." Wa kwanza kunijaribia aliandika KITABU, kwa wino, na akanieleza kwa utulivu kwamba watu huapa wakiwa wameshika kitabu kitakatifu. Sikuwa na la kujibu. K, T, B ni mzizi wa Kiarabu wa kuandika, na Kiswahili kimeurithi mzizi huo na watoto wake kadhaa. Konsonanti zao ni zilezile na tofauti yao ni irabu, yaani zile herufi ambazo mraba wangu ulikuwa umezificha.

Nikabadilisha kidokezo: "Hubadilishwa kwa kura." Wa pili kunijaribia aliandika KATIBU. Chama chao kilikuwa kimetoka kumwondoa wa kwao majuma machache tu yaliyopita.

Ikabidi nibomoe pembe nzima na kulisogeza neno chumba kimoja chini, lianzie pasipokatwa, ili makutano yaangukie kwenye irabu. Kazi ya usiku mmoja. Sasa mjazaji anapata pengo, A, pengo, I, pengo, A. Nimekaa nikajaribu kulivunja mwenyewe: inaingia KABILA, inaingia HATIMA, inaingia KASIDA. Hakuna hata moja inayobadilishwa kwa kura.